Mizani Iliyokwenda Kupima Mpunga

Nyahanga, Kahama
2 Juni 2024

Mwanangu Hosiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi shangazi yako ni mzima, magoti tu ndiyo yananionea. Kudra mjukuu wangu kafaulu mitihani ya muhula na sasa hakai, hasimami, anataka kuwa rubani. Kuku wawili wamebebwa na kicheche. Hizo ndizo za nyumbani.

Nakuandikia kwa mkono maana simu imenishinda. Masikio yangu yanasikia nusu nusu, na meseji ananisomea Kudra, na akishasoma yeye, Nyahanga nzima inajua kabla ya jioni. Mama Enock anapita huko kwenu kila baada ya wiki mbili tatu, akienda na kurudi ziwani kufuata dagaa. Yeye ndiye posta yetu. Yule mama ana mdomo, lakini barua ya mtu hafungui.

Sasa nikupe raha. Mpunga mwaka huu umetoka, magunia arobaini na moja! Mwaka jana unakumbuka walanguzi walivyonipunja na yale mamizani yao yaliyochezewa, nikalia mbele za watu. Mwaka huu nimewakomoa. Katikati ya Mei mwanangu Valerian aliniletea mizani ya kusimama, ya hospitali, ya kweli kabisa. Ananiambia mnazo mbili huko kituoni kwenu na hii ilikuwa imekaa tu stoo. Nikaiweka uani. Mlanguzi akitaja kilo zake, mimi nataja zangu. Uso ulimshuka yule bwana! Mtoto wa kiume akimkumbuka mama yake namna hii, unajua hukuzaa bure.

Lakini wewe, toka Pasaka kimya. Mama Enock anasema umekonda na ulimpokea dagaa zake bila hata kumtania bei. Hosiana ninayemjua mimi hawezi kununua dagaa bila kugombana. Una nini? Au ni mwanaume? Kama ni mwanaume sema, mie si padri.

Nimekulea tangu baba yako, kaka yangu, alipotangulia. Usinifiche.

Shangazi yako,
Scolastika


Kituo cha Afya Nyabusenga, Geita
23 Juni 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwangaluka kwa wote hapo nyumbani. Pole kwa kuku, na hongera kwa mpunga. Mwambie Kudra rubani naye lazima ajue hesabu, asikimbie namba. Kaka Valerian mzima, bado ndiye mganga mfawidhi wetu hapa, kazi nyingi, wachimbaji wanaongezeka kila wiki kwa sababu ya mashimo mapya.

Si mwanaume, Shangazi. Ingekuwa heri.

Nataka nikuulize jambo kwa sababu umeuguza miaka thelathini na miwili. Kuna muuguzi mmoja hapa, rafiki yangu. Tarehe 28 Mei, saa saba mchana, aliletewa mtoto wa kiume, Benjamini, anatapatapa kwa degedege. Malaria kali. Mama yake alikuwa amemkimbiza kwa pikipiki kutoka machimboni. Mtoto anahitaji dawa ya kutuliza degedege, na wewe unajua ile dawa inavyokwenda kwa kilo. Ikizidi inamtuliza mtoto mpaka pumzi yenyewe inatulia.

Uzito haukujulikana. Muuguzi akampigia tabibu simu, tabibu akauliza umri, akaambiwa miaka minne. Akasema kadiria kilo kumi na nane, mpe, nakuja. Muuguzi akampa.

Degedege ikakoma. Mama akasema asante. Halafu kifua cha mtoto kikaacha kupanda. Walimpulizia hewa kwa mkono nusu saa nzima, Shangazi. Hakurudi.

Baadaye, mama alipokuwa anafungua khanga amfunike mwanawe, ikadondoka kadi ya kliniki. Mtoto alipimwa wiki tatu kabla kwenye zahanati ya huko kwao. Kilo kumi na moja.

Kwenye faili kimeandikwa kifo cha malaria kali, mgonjwa amecheleweshwa nyumbani kwa dawa za kienyeji. Ni kweli mama alimwogesha majani asubuhi. Ni hayo tu. Lakini sasa mumewe, Mwita, mchimbaji, amesomewa maneno hayo, na amemfukuza mkewe. Anasema umeniulia mwanangu na mizizi yako.

Huyo rafiki yangu afanye nini? Anahisi amefungiwa ndani na ufunguo uko nje.

Mwanao,
Hosiana


Nyahanga
4 Julai 2024

Hosiana,

Marahaba. Salamu zitasubiri leo.

Mwambie huyo rafiki yako aandike. Aandike leo, asingoje kesho wala mpaka moyo utulie. Moyo hautatulia. Achukue fomu ya taarifa ya tukio, aseme nilimpa nini, kiasi gani, kwa agizo la nani, saa ngapi. Ampelekee muuguzi mkuu wa wilaya mkononi mwake. Akiogopa kufukuzwa, mwambie kuna kufukuzwa kubaya zaidi, na huyo mama tayari ameshafukuzwa kwa ajili yake.

Mnafikiri uuguzi ni kuchoma sindano? Kuchoma hata mwenye duka la dawa anachoma. Daktari anaagiza, mfamasia anatoa, lakini mkono wa mwisho ni wa nani? Wa muuguzi. Dawa ikitoka kwenye mkono wake hairudi. Ndiyo maana yeye ana ruhusa ya kusema hapana, hata kwa profesa. Nilipokuwa kijana, nimetoka tu kusoma uuguzi Kolandoto, daktari mmoja mkubwa aliandika dozi ya mzee kwenye faili la kichanga. Nikamwambia daktari, hii sitoi. Akanifokea wodi nzima ikasikia. Nikakunja mikono. Akaja, akasoma, akakata kwa kalamu yake. Hakunishukuru hata siku moja, lakini kile kichanga leo kinaendesha bodaboda hapa Kahama na kinanipita kwa mbwembwe, hakijui lolote!

Na kumkadiria mtoto kwa macho! Mtoto wa machimboni, anayekula ugali kwa chumvi, umkadirie kilo kumi na nane? Hivi hapo kwenu mizani ni ya kupamba ukuta? Na huyo tabibu ni nani, aliyekaa mbali akakisia roho ya mtu kwenye simu? Naye aandikwe. Jina lake lote. Nisingemwonea haya hata kidogo.

Yule mama asiachwe hivyo. Mwanamke akiambiwa ameua mwanawe, anaamini. Kila siku inayopita anaamini zaidi.

Mwambie rafiki yako hayo. Na wewe Hosiana, ng'wana wane, mwanangu, mimi si mjinga. Rafiki zako wote nawajua.

Scolastika


Nyabusenga
21 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nyuma ya jengo la kuchomea taka, mahali pekee hapa ambapo hapiti mtu. Natumaini magoti yanaendelea vizuri.

Muuguzi ni mimi. Ulijua. Wabeja kwa kutoniaibisha.

Umeuliza tabibu ni nani. Siku ile zamu ilikuwa ya mganga mfawidhi mwenyewe.

Umeuliza mizani. Haikuwepo. Tangu katikati ya Mei haipo. Iliyobaki ni ile ya kuning'iniza vichanga, mtoto wa degedege huwezi kumning'iniza pale. Ya kusimama ndiyo tulikuwa tunaitumia, mama anapanda na mtoto, halafu anapanda peke yake, unatoa uzito wake. Dakika moja tu. Tulipouliza tukaambiwa imepelekwa Kahama kutengenezwa. Mimi sijui zaidi ya hapo.

Nilijaribu kuandika, Shangazi. Siku ya pili nilimfuata ofisini, nikasema kaka, tulizidisha, nimeiona kadi. Alikuwa anakula mhogo. Akauweka chini. Akasema, sikiliza dada, mtoto yule alikuja ameshakufa nusu. Ukiandika, leseni yako inakwenda, na yangu inakwenda, na kituo hiki kitakaa bila tabibu, na wangapi watakufa hapo? Unataka kuhesabu? Kisha akasema neno linaloninyima usingizi. Akasema, nani alikulipia chuo?

Ni wewe ulilipa, Shangazi. Kwa mpunga. Najua gunia kwa gunia.

Sasa kila asubuhi napita dirishani kwake, namwamkia, ananiitikia vizuri, ananiuliza umekula? Na watu wanasema mna bahati kufanya kazi ndugu na ndugu. Nikienda wilayani nimemuuza kaka yangu na kumvunja aliyenilea. Nikikaa, kuna mwanamke huko Mwakitolyo kwa wazazi wake anayelala akijua ameua. Nikihama, nahama nayo. Nimegeuka kila upande.

Uliandika tabibu aandikwe jina lake lote. Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Niambie tena, Shangazi. Ukinirudia maneno yale yale nitakwenda kesho yake.

Mwanao,
Hosiana


Nyahanga
8 Septemba 2024

Mpendwa Hosiana,

Marahaba mwanangu. Samahani kwa kuchelewa. Mama Enock alipita mara mbili nikamwambia sijamaliza kuandika. Nilikuwa na shughuli.

Huku jua ni kali, visima vimeanza kushuka. Kudra amepata surua, amepona. Paroko mpya amekuja, Padri Cornel, anahubiri mpaka ubwabwa unapoa majumbani. Paa la jikoni nimeliezua, nimeweka bati jipya. Valerian aliniletea misumari. Alikaa siku mbili, hakuongea sana, alikuwa amechoka. Mkewe ni mjamzito tena, wanasema Desemba.

Kuhusu lile jambo lako. Nadhani vuta subira kwanza. Mambo ya kazi yana wakati wake, na neno likishatoka halirudi. Mtu akiwa na hasira au huzuni huandika mengi. Mimi pia huwa naandika mengi.

Kula vizuri. Nimempa Mama Enock karanga na mchele kilo kumi akuletee.

Shangazi


Nyabusenga
22 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Karanga nimepokea, mchele nimepokea. Mchele nimempa mpishi wa kituo. Nisamehe, umenishinda kupika.

Wiki iliyopita aliletwa mtoto mwingine, wa kike, degedege vilevile. Agizo likaja vilevile, kadiria. Nikakunja mikono kama wewe. Nikasema sitoi mpaka apimwe. Nikamwambia yule baba, kimbia pale kwa muuza maharage, mwombe mizani yake. Mtoto akawekwa kwenye sinia la maharage, watu wanashangaa mlangoni. Kilo tisa. Nikatoa dawa ya kilo tisa. Yuko hai, juzi alimng'ata mwenzangu kidole.

Jioni ile ile kaka aliniandikia barua rasmi, kwamba nimedhalilisha kituo mbele ya wananchi na nitoe maelezo ndani ya siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua. Ametia muhuri. Barua yangu ya kwanza ya onyo tangu nianze kazi, nimeipata kwa kumpima mtoto.

Fomu ya Benjamini nimeijaza yote. Iko chini ya godoro langu. Kila nikiishika naona mkono wako unaohesabu ada.

Uliniambia vuta subira. Sijui kama umesema hivyo kama muuguzi au kama mama. Sitakuuliza lingine, Shangazi. Ila nakuomba ukumbuke kwamba barua yako ya tarehe 2 Juni ninayo. Ilinifikia kabla sijakuandikia lolote.

Hosiana


Nyahanga
13 Oktoba 2024

Mwanangu,

Kwa hiyo ulijua. Tangu mwanzo ulijua iko uani kwangu, na ukaniandikia "mimi sijui zaidi ya hapo". Ulinistahi. Heshima yako imenichapa kuliko tusi.

Ngoja niseme lote kabla sijabadili mawazo. Niliposoma barua yako ya Julai nilikuwa nimekaa kibarazani. Mizani ilikuwa mbele yangu, Kudra ameipanda, anajipima na paka. Nilisoma "tangu katikati ya Mei haipo", nikainua macho. Nikamwambia Kudra shuka. Nikaisukuma stoo na kuifunika kwa magunia matupu. Mimi, Scolastika, niliyekunja mikono mbele ya daktari mkubwa! Nimeficha mizani kwa magunia kama mwizi.

Mpunga ulikwisha kupimwa tangu Mei 20. Siku nane kabla ya yule mtoto. Haikuwa na kazi yoyote hapa. Valerian alisema atapitia, na mimi nikaiacha kwa sababu majirani walikuwa wanakuja kujipimia, wananisifu. Mama ameletewa mizani na mwanawe. Nilipenda kusifiwa, ndiyo hivyo.

Nilijiambia mnazo mbili. Nimeuguza miaka yote hiyo, najua kituo cha machimboni hakina mizani mbili za kusimama. Nilijua siku ile ile alipoishusha kwenye gari. Sikutaka kujua.

Valerian ni mwanangu wa pekee. Nilipoandika "jina lake lote", nilikuwa namwandika mtoto wa mwenzangu. Ni rahisi sana, Hosiana.

Mizani inakuja na Mama Enock, ameilipia kiti chake. Pamoja nayo kuna karatasi. Nimeandika kwamba mizani ya kituo ilikuwa nyumbani kwangu kuanzia tarehe 14 Mei, nimetia saini na kidole gumba, maana sijui siku hizi wanataka kipi. Iambatanishe na fomu yako. Kama wanataka mtu wa kumfunga, nyumba yangu inajulikana.

Umeniomba nirudie maneno. Haya, nayarudia: aandikwe. Jina lake lote.

Sasa usiniandikie kwanza. Acha nilie.

Scolastika


Nyabusenga
10 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Ulisema nisikuandikie, nimekaa mwezi mzima, siwezi tena.

Mizani ilifika salama. Mama Enock aliishusha mwenyewe getini, akapaza sauti, "Njooni mchukue mgonjwa wenu!" Kaka Valerian alitoka ofisini, akaiona, akaona punje za mpunga zimekwama kwenye bati la kukanyagia. Akaingia ndani, akafunga mlango. Mpaka leo nikimwamkia anaangalia saa.

Fomu nimeipeleka wilayani, kwa muuguzi mkuu, mkononi. Alisoma karatasi yako mara mbili. Akaniambia, mama, fomu hii haina sehemu ya kumwandika shangazi. Lakini akaibana humo humo. Tumeitwa wote wawili tarehe 2 Desemba, mimi na kaka. Hadi hapo nafanya kazi, na leseni yangu sijui. Wenzangu wengine wamenihama mezani wakati wa chai. Mmoja tu, Bujiku mhudumu wetu, ndiye anayekaa nami, anasema yeye hana leseni ya kupoteza.

Kisha nilikwenda Mwakitolyo.

Kuna jambo sikukuambia. Nilikuandikia kwamba kadi ilidondoka kwenye khanga baadaye. Ilidondoka, ni kweli. Lakini haikuwa mara yangu ya kwanza kuiona.

Nilimkuta Mama Benjamini, anaitwa Ritha, anatwanga na mama yake mzazi. Nilikaa chini kabisa, nikamweleza. Nikasema dawa ya hospitali ilizidi, mimi ndiye niliyeitoa, si majani yako. Mama yake akaacha kutwanga. Ritha hakulia. Hakunitukana, ningeshukuru angenitukana. Aliuliza, "Kwa hiyo si mimi?" Nikasema si wewe. Akauliza tena, nikasema tena. Aliuliza mara tatu.

Kisha akasema, "Dada, mimi si nilikupa kadi?"

Alinipa, Shangazi. Siku ile, mtoto akiwa kitandani, nimeshika simu sikioni, yeye alinyoosha mkono na kadi. Nikausukuma mkono wake. Nikasema, mama, weka hiyo pembeni, siyo sasa. Naye akaiweka vizuri kwenye pindo la khanga, akafunga fundo, kwa sababu aliambiwa na muuguzi.

Mizani ingekuwa uani kwako au mwezini, kilo kumi na moja zilikuwa zimeandikwa kwa wino, hatua moja kutoka kwangu. Nimekuacha ubebe mzigo huo peke yako tangu Oktoba, na mimi nikijua. Hilo nimeliongeza kwenye fomu. Siku ya kuulizwa nitalisema mbele ya kaka.

Ritha alinisindikiza mpaka barabarani. Mumewe bado hajaja kumchukua, nami nimemwandikia Mwita barua, nimempa Bujiku anayewafahamu watu wa shimo lake. Sijui kama ataisoma.

Jana aliletwa mtoto, joto kali. Mama yake alikuwa anahangaika na mkoba, nikamwambia, kadi kwanza mama, nipe mkononi. Nikaisoma. Kisha nikawapandisha wote wawili, nikamshusha mtoto, nikatoa. Nikaandika kilo kumi na mbili na nusu, nikamsomea mama kwa sauti, naye akaitikia, ndiyo. Ndipo nikavuta dawa.

Niandikie, Shangazi, hata kama ni kunifokea. Tarehe 2 Desemba nitakuwa nimekaa benchi moja na mwanao, na sitaki niingie mle ndani bila neno lako.

Mwanao,
Hosiana